Ada Iliondolewa, Dawa Je?

Mwezi wa Machi mwaka 2001, Serikali ya Uganda ilitangaza kwamba mgonjwa hatalipa tena ada katika hospitali na vituo vya afya vya umma, ila katika wodi za kulipia za hospitali. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, wananchi walitakiwa kuchangia gharama za matibabu yao. Machoni pa mwenye mshahara ada ile ilikuwa ndogo. Kwa mkulima anayengoja mavuno ili anunue chumvi, ilikuwa amri ya kubaki nyumbani na homa yake.

Matokeo yalionekana upesi. Wagonjwa waliongezeka kwa wingi, na waliolichunguza jambo hilo waliona kwamba walioongezeka zaidi walikuwa maskini. Tusidhani kwamba watu hao walianza kuugua mwaka ule! Maradhi walikuwa nayo siku zote, ila hayakuhesabiwa na mtu. Malaria ikitibiwa mapema, mama hurudi shambani baada ya siku chache; ikiachwa, mbuzi huuzwa, palizi hupita, na mtoto huondolewa shuleni ili amwuguze. Ndiyo maana sisi hatukubali kwamba fedha za afya ni sadaka. Ni fedha za kilimo na za elimu pia.

Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulitoa habari ya kusikitisha: gharama kubwa za matibabu, zile zinazoifilisi nyumba, hazikupungua kwa maskini. Sababu iliyoelekea kuwa ya kweli ni kwamba dawa zilikosekana mara kwa mara vituoni, mgonjwa akaandikiwa cheti na kuelekezwa dukani. Ada ilihama kutoka meza ya karani ikaenda kwa mwenye duka la dawa, ambaye hamsamehe mtu.

Kwa mpango wenyewe hatuna ugomvi. Kituo cha daraja la tatu kina wodi ya wazazi. Cha daraja la nne kimekusudiwa kuwa na daktari na chumba cha upasuaji, ili mzazi aliyeshindwa kujifungua asisafirishwe usiku kucha kwenda hospitali ya mbali. Lakini chumba cha upasuaji kisicho na daktari ni ghala tu. Aprili 2001, wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana mjini Abuja kulenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Mafungu ya Uganda yamekuwa chini ya hapo mwaka baada ya mwaka.

Dawa za serikali hupigwa chapa kuonyesha kwamba haziuzwi. Ni hatua njema, ila chapa haimwambii mgonjwa ni makasha mangapi yaliyoshushwa. Tungependa kila shehena inapopokelewa, hesabu yake ibandikwe ukutani, kwa lugha ya wenyeji, pale wanapopanga mstari wagonjwa.