Bunduki ya ukoo, sheria ya mtu mmoja

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, imemtungia masharti mtu mwenye nyumba na kufuli. Anayetaka bunduki huomba cheti kwa bodi ya leseni, hueleza sababu ya maana ya kuitaka, huchunguzwa mwenendo wake, na huonyesha mahali salama pa kuihifadhi. Sasa mchukue mfugaji wa ngamia wa upande wa Lagdera au Ijara, kaunti ya Garissa. Nyumba yake, aqal, ni fito zilizopindwa zikafunikwa mikeka. Siku ya kuhama wanawake huibomoa, huipakia juu ya ngamia pamoja na vyombo vya maziwa, na familia ikashika njia. Sanduku la chuma lifungiwe wapi? Isitoshe, silaha iliyozoeleka malishoni ni AK-47, bunduki ya kivita, na raia akikutwa nayo bila kibali anaweza kufungwa maisha.

Ndiyo maana kila mauaji yanapotokea na wanasiasa wakadai adhabu kali zaidi, huwa najiuliza: kali kuliko kifungo cha maisha? Mwaka 2012 utafiti wa silaha ndogondogo ulikadiria kuwa raia wa Kenya walikuwa na bunduki haramu kati ya 530,000 na 680,000. Upungufu wa vifungu vya sheria hauwezi kueleza idadi kama hiyo. Tuulize wenyewe wanazitakia nini.

Kaskazini Mashariki jibu lina historia. Desemba 28, 1963, wiki mbili tu baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari katika eneo hilo kwa sababu ya vita vya shifta, waasi waliotaka lijiunge na Somalia. Vita vilimalizika 1967, lakini sheria za hali ya hatari zilidumu hadi 1991. Kwa karibu miaka thelathini, serikali ilijulikana huko zaidi kwa sura ya askari wa msako kuliko ya hakimu au mwalimu. Na mwaka uleule wa 1991 Rais Siad Barre aling'olewa Mogadishu, maghala ya jeshi la Somalia yakaporwa, na silaha zikavuka mpaka.

Msako mbaya kuliko yote ulikuwa wa Wagalla, Wajir, Februari 1984. Wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege ili wasalimishe bunduki, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisema katika ripoti yake ya 2013 kwamba huenda waliouawa walikaribia elfu moja. Baada ya jambo kama hilo, mzee anayeambiwa arudishe silaha ili alindwe na serikali ana haki ya kuuliza alindwe na nani hasa.

Shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, lililoua watu 148, ni suala jingine kabisa. Wauaji walikuwa wanne, wa al-Shabaab, na bunduki zao zilikuwa za aina ileile aliyonayo mchungaji kisimani. Lakini gaidi huzuiwa kwa ujasusi na kwa kikosi kinachofika mapema. Siku ile mauaji yaliendelea tangu alfajiri hadi jioni. Kumnyang'anya mchungaji hakumgusi gaidi huyo. Kuwachanganya wawili hao kwenye mjadala mmoja ni kosa linalorudiwa mno Nairobi.

Kilichopunguza risasi baina ya koo kilianzia sokoni. Mwanzoni mwa miaka ya tisini wanawake wa Wajir, Dekha Ibrahim Abdi akiwa miongoni mwao, walihakikisha kwanza kwamba mama wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua bila kufukuzwa. Kisha wakawaendea wazee, wakawaendea vijana. Mwaka 2001 wazee wa Garissa, Wajir, Mandera na wilaya jirani wakakubaliana Modogashe: anayehama kutafuta malisho aombe idhini kwa wenyeji, na dia ya mwanamume aliyeuawa iwe ngamia 100, ya mwanamke 50.

Sitayapamba makubaliano hayo. Nusu ile ya mwanamke ni dhuluma, na Katiba ya 2010 haiwezi kuikubali. Dia nayo hulipwa na ukoo mzima, kwa hiyo aliyefyatua risasi anaweza kupoteza ngamia mmoja tu na kubaki huru. Hata hivyo yaligusa kile ambacho Sura ya 114 haikigusi: hofu kwamba jirani ana silaha na mimi sina. Mahakama ingepaswa kumfuata muuaji mwenyewe hata baada ya ngamia kuhesabiwa.

Upande wa serikali, ningeanzia kwenye risasi. AK-47 ikitunzwa hudumu miongo, lakini risasi huisha. Mwaka 2008 uchunguzi wa Turkana Kaskazini ulionyesha kuwa karibu nusu ya risasi zilizokuwa mikononi mwa raia kinyume cha sheria zilitoka kwa polisi wa Kenya, ambao waliwapa wafugaji wajilinde. Garissa pia ina polisi wa akiba, wengi wao wakitoka katika koo hizohizo zinazogombana. Kuweka alama kwenye kila risasi wanayopewa, na kuwadai maelezo ya kila moja iliyotumika, hakuhitaji sheria mpya wala msako. Kunahitaji daftari na ofisa atakayelisoma.