Kabla ya kuandika hadithi ya vampaya, piga hesabu ya damu

Umeandika sura tatu. Nairobi imekwisha. KICC imebaki gofu, Expressway imeota nyasi, na matatu za Rongai zimegeuka makao ya popo. Giza linaingia, na wanyonya damu wanatoka mafichoni kwa maelfu, macho mekundu, meno nje. Hadi hapo stori ni moto. Lakini sura ya nne imekataa kutoka. Kila ukijaribu, ni watu kukimbia tu, kukamatwa na kuumwa, kisha wengine kukimbia tena.

Shida si kipaji. Kuna swali moja hukujiuliza: kama watu karibu wote wameisha, hao vampaya maelfu wanakula nini?

Usilipuuze, kwa sababu jibu lake ndilo litakupa hadithi. Vampaya wa baada ya kiama hahusu meno. Anahusu kitu kimoja ambacho hakitoshi: nani anakitoa, nani anakichukua, na nani anaamua zamu ni ya nani.

Shika kalamu tuhesabu

Tuanze na kanuni ya sinema nyingi: anayeumwa naye anageuka. Tuseme Kenya ina vampaya mmoja, na kila vampaya anauma mtu mmoja kwa mwezi. Mwezi wa kwanza ukiisha wako wawili, wa pili wanne, wa tatu wanane. Mwezi wa 10 wamefika 1,024. Mwezi wa 20 wamepita milioni moja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6 nchini. Kufikia mwezi wa 26, hakuna hata mtu mmoja aliyebaki wa kuumwa. Dunia nzima, na watu wake zaidi ya bilioni nane, ingekwisha kwa miezi 33.

Kwa hivyo kanuni hiyo inaua hadithi yako mapema. Chini ya miaka mitatu, vampaya wote wamekaa kando ya barabara wakiangaliana kwa njaa. Lazima uweke breki.

Sasa jaribu kanuni nyingine: hawaui wala hawageuzi mtu, wanakunywa tu. Mtu mzima ana takriban lita tano za damu mwilini. Anayejitolea kutoa damu hutolewa karibu mililita 450, kisha mwanamume hushauriwa asubiri miezi mitatu hivi, mwanamke minne. Kama vampaya mmoja anahitaji kipimo hicho kila usiku, basi anahitaji wanaume 90 wa kupokezana, au wanawake 120. Ukiondoa watoto, wagonjwa na wajawazito, kijiji cha watu 1,000 hakiwezi kulisha hata vampaya kumi.

Umeona? Hadithi imeanza kujiandika. Kijiji hicho kinahitaji daftari la zamu, na anayeshika daftari ana nguvu kuliko chifu. Kuna msichana anayejifanya mjamzito ili jina lake lirukwe. Kuna tajiri anayemlipa jirani maskini amchukulie zamu. Na usiku mmoja kuna vampaya wa 11 anayebisha hodi akiwa hoi kwa njaa, na wazee wanamtambua: alikuwa mwalimu wa shule ya hapo.

Usisahau stima pia. Damu ya kuongezewa wagonjwa huwekwa kwenye friji maalum, na hata humo chembe nyekundu hudumu wiki tano au sita tu. Stima ikipotea hakuna akiba. Kila tone lazima litoke kwa mtu aliye hai, usiku huohuo. Ndiyo maana mahali kama Olkaria kule Naivasha, ambako mvuke wa ardhini huzalisha umeme, pangekuwa ngome katika hadithi yako: sehemu ya mwisho yenye friji na taa. Je, funguo za lango anazo nani, watu au wanyonya damu?

Hizi kanuni zilitungwa na watu kama wewe

Usiogope kubadilisha sheria. Wengi huamini kwamba vampaya kuuawa na jua ni jambo la kale na haligusiki. Wapi! Katika Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya 1897, jamaa hutembea mchana bila kuungua, nguvu zake ndizo hupungua. Jua la kuua lilipata umaarufu kupitia Nosferatu, filamu ya Kijerumani ya 1922. Waliotengeneza filamu hiyo walitumia hadithi ya Stoker bila idhini, mjane wake akaenda kortini, na korti ikaagiza nakala ziharibiwe. Bahati nzuri, nyingine zilinusurika.

Hapo kuna funzo lingine kwako unayetaka kazi iwe yako kabisa. Stoker alifariki 1912, kwa hivyo Dracula sasa ni wa kila mtu. Edward na Bella wa Twilight bado wana mwenyewe. Ukitaka kuuza hadithi yako siku moja, zaa wahusika wako.

Wala kumuunganisha vampaya na mwisho wa dunia si wazo geni. Mwaka 1815 mlima Tambora ulilipuka Indonesia, na majivu yake yakafifisha jua. Mwaka uliofuata, Ulaya ilikosa kiangazi. Kundi la vijana lililokuwa likitembelea Uswisi likajikuta limefungiwa na mvua katika nyumba moja kando ya Ziwa Geneva, wakashindana kutunga visa vya kutisha. Mary Shelley, wa miaka 18, akaanza Frankenstein. John Polidori, daktari wa miaka 20, akaendeleza wazo la rafiki yake Lord Byron na kuandika The Vampyre, iliyochapishwa 1819. Byron mwenyewe akaandika shairi kuhusu dunia ambayo jua lake limezimika. Vampaya wa kisasa na kiama vililala chini ya paa moja msimu huo.

Aliyewafungisha ndoa ni Mmarekani Richard Matheson, katika riwaya yake I Am Legend ya 1954. Mtu mmoja, Robert Neville, amebaki peke yake Los Angeles. Mchana anawinda wanyonya damu, usiku anajifungia ndani. Kama umeona filamu ya Will Smith ya 2007 pekee, bado hujakutana na mwisho wa kitabu. Neville anagundua kwamba baadhi ya walioambukizwa wamejifunza kuishi na hali yao na wanajenga jamii mpya. Kwao, zimwi ni yeye: yule anayekuja mchana kuwaua wakiwa usingizini.

Mkenya Katama Mkangi aliipa riwaya yake ya 1995 jina Walenisi, yaani "wale ni sisi". Haihusu vampaya, lakini ukiandika maneno hayo matatu juu ya ukurasa wako wa kwanza, utakuwa umeelewa alichofanya Matheson.

Sisi tuna wetu

Kwa hivyo achana na kasri la Transylvania. Muulize nyanya yako, hasa kama alikulia Pwani au mitaa ya zamani ya Nairobi, kuhusu mumiani. Enzi za ukoloni, ilisemekana kote Afrika Mashariki kwamba kuna watu wanaoteka Waafrika usiku na kuwatoa damu ya kutengenezea dawa. Nairobi na Kampala, walioshukiwa mara nyingi ni wazimamoto. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo, na mwaka 2000 akachapisha kitabu, Speaking with Vampires. Hakuwa anathibitisha kwamba damu ilinyonywa kweli. Alitaka kujua kwa nini watu walisimulia hivyo.

Hebu mwangalie huyo mnyonya damu vizuri. Hana meno marefu. Ana sare, gari, vifaa na mshahara. Anafanya kazi ya usiku kwa niaba ya mkubwa asiyeonekana. Katika nchi ambapo Mwafrika alilipishwa kodi ya nyumba na kulazimishwa kubeba kipande shingoni ndipo atafute kazi, kila mtu alielewa stori hiyo inasema nini: kuna anayetuchukulia uhai wetu, na hatuambiwi unapelekwa wapi.

Vampaya wako akiwa na beji, foleni na kitabu cha risiti, msomaji wa Kayole atamwogopa kuliko bwanyenye yeyote wa Ulaya. Amua mapema damu inasimamia nini katika hadithi yako. Ni kodi? Ni mkopo wa simu usioisha? Ni maji? Wanuri Kahiu alilichukua hilo la maji katika filamu yake fupi Pumzi ya 2009: Afrika Mashariki baada ya vita vya maji, ambapo hata jasho na mkojo husafishwa ili vinywewe. Dakika ishirini hivi zilimtosha, kwa sababu alichagua kitu kimoja adimu na kukifuata hadi mwisho.

Hata saa yetu inakufaa. London, usiku wa Desemba unakaribia saa 16, na wa Juni hauzidi saa nane. Vampaya wa huko ana msimu wa shibe na msimu wa njaa. Wa Nairobi ana saa 12 mwaka mzima, kama mfanyakazi wa shifti. Na saa ya Kiswahili huanza kuhesabu usiku jua likishatua: saa moja ni kuingia kazini, saa kumi na mbili ni kurudi mafichoni. Mhusika akinong'ona "saa kumi na moja hii", msomaji wako anajua bila kuambiwa kwamba imebaki saa moja tu.

Lugha nayo iachie nafasi. Makanga aliyenusurika aongee Sheng. Vampaya wa Lamu mwenye miaka 300 aongee Kiamu cha kale, na vijana wasimwelewe nusu ya anayosema.

Pale mzaha unapoishia

Kuna jambo moja zito. Mwaka 2017, uvumi wa wanyonya damu ulienea kusini mwa Malawi. Makundi ya watu yakawavamia walioshukiwa, na kadhaa wakauawa. Umoja wa Mataifa ukalazimika kuondoa wafanyakazi wake katika baadhi ya wilaya. Waliokufa hawakuwa wahusika wa riwaya.

Kwa hivyo usimpe vampaya wako kabila, wala lafudhi ya jamii fulani ili watu wacheke. Kenya tunajua kinachofuata jirani akianza kuitwa mnyama. Usitumie jina la hospitali iliyopo kweli. Usiiweke hadithi mtandaoni kama "kisa cha kweli" ili upate likes. Na fikiria msomaji wako atakapomwona muuguzi ameweka hema la kuchangia damu mtaani. Hadithi nzuri itamwacha akijiuliza nani ana mamlaka juu ya mwili wake. Hadithi ya ovyo itamfanya alikimbie hema, na kuna mgonjwa mahali fulani anaingoja hiyo damu.

Basi anza leo

Kabla ya kurudi kwenye sura ya nne, andika ukurasa mmoja wenye majibu manne. Watu wamebaki wangapi, na vampaya ni wangapi? Kila vampaya anahitaji kiasi gani, mara ngapi? Nani anashika daftari? Damu inasimamia nini? Majibu yakigongana, rekebisha hesabu kwanza. Ukurasa huo ni wako, msomaji hatauona, lakini atahisi kwamba upo.

Kisha andika usiku mmoja tu, kuanzia saa moja hadi saa kumi na mbili. Nyumba moja, mlango mmoja, jina moja kwenye daftari. Jaribu kulifanya jina hilo liwe la yule aliyeliandika daftari lenyewe, uone atafanya nini.

Ukimaliza, mpe rafiki asiyependa vampaya asome. Akifika mwisho bila kuweka simu chini, endelea. Ukipata muswada mzima, Tuzo ya Safal, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea kazi za Kiswahili, na waandishi wa riwaya ni miongoni mwa wanaotuzwa. Vampaya wa Kiswahili walioandikwa bado ni wachache mno. Nafasi ipo, na hesabu sasa unayo.