Kwanza Mtu, Kisha Bakuli

Ilikuwa Ramadhani, jua limeshainamia bara, na Mbegani nzima inanukia nazi na pilipili manga. Nilimpa binti yangu wa miaka saba bakuli la magimbi, nikalifunika kwa kawa, nikamwambia apeleke nyumba ya pili. Hazikutimia hatua kumi. Alijikwaa kwenye mzizi wa mwembe, na lile bakuli la kauri, ambalo mama mkwe wangu alitunzwa siku ya harusi yake, likavunjika vipande vitatu. Magimbi yakalala chini. Tui likanywewa na mchanga.

Nilikuwa na njaa ya kutwa, na hasira zilikuwa karibu. Mkono ulikuwa umeshainuka. Mama mkwe, aliyekuwa barazani, akanitangulia kwa neno moja: "Mzima?" Mtoto analia, hajibu. Akauliza tena, "Umeumia wapi, mke mwenzangu?" Ndipo akaonyesha goti. Likapanguswa, likapulizwa. Kuhusu bakuli alisema tu, "Limeondoka na shari yake."

Ukikaa mwambao huu utalisikia swali hilo mara nyingi, kila sahani inapodondoka na kila sufuria inapopinduka. Nalo halikuzaliwa jikoni. Mbegani, jirani na magofu ya Kaole, ni mahali ambapo hata chuo ni cha uvuvi. Nenda pwani siku ambayo ngalawa imechelewa kurudi, hasa kusi likivuma na bahari ikichafuka. Wanaosubiri mchangani hawaanzi kuuliza samaki. Huuliza, "Wazima?" Wavu uliochanika, tanga lililopasuka, safari iliyorudi mikono mitupu, hayo yatazungumzwa baadaye. Watu ambao riziki yao iko majini wanajua bahari inaweza kuchukua nini, kwa hiyo wanajua pia bakuli lina thamani gani. Mizani hiyo wameileta mpaka nyumbani, na ndiyo wanayolelea watoto.

Lakini mzazi peke yake hawezi kuishika kila siku. Kuna siku amechoka, kuna siku hana hela, kuna siku mtoto amemwaga mara ya tatu. Mila ikampa wasaidizi. Wa kwanza ni bibi na babu, kwa utani wao. Mama mkwe humwita binti yangu mke mwenzake, na babu naye humwita mkewe. Utani huo una kazi yake. Mtoto aliyekosea anapata pa kukimbilia, atacheka kwanza ndipo afundishwe, na mzazi aliyekasirika anapata nafasi ya kuvuta pumzi.

Msaidizi wa pili ni jirani. Siku za bamvua, maji yakitoka mbali, akina mama wa Mlingotini, karibu na Mbegani, huteremka kwenye mashamba ya mwani, na maji hayamsubiri mtu. Watoto hubaki kwa bibi, kwa shangazi, au kwa jirani ambaye leo hakushuka. Ukirudi ukakuta ndoo ya maji imemwagwa na unga umegeuzwa mchanga wa kuchezea, anayekupa habari ni mtu ambaye juzi yalimkuta hayo hayo kwa wanawe, nao walikuwa mikononi mwako. Utamfokea nani? Mnapeana pole, mnafagia, maisha yanaendelea.

Sisemi kwamba kila jambo ni dogo. Mizani inayoonyesha kila kitu chepesi imeharibika. Jiko la mkaa, mafuta ya moto, kisima kisicho na kifuniko, maji yanayojaa watoto wakiwa mbali na ufukwe: hapo wazee hawana utani. Mtoto akiungua, pale palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali, wala asipakwe dawa ya meno. Na hii ndiyo faida kubwa ya kuliacha bakuli liwe bakuli: sauti yako inabaki na nguvu kwa siku ya hatari. Mtoto anayefokewa kwa kila kinachodondoka ataitambuaje sauti inayomwambia asisogelee moto?

Wapo wanaosema samaki mkunje angali mbichi, kisha wakachukua fimbo. Mvuvi yeyote atakwambia kwamba samaki mbichi hukunjika kwa sababu bado ni laini, wala hahitaji nguvu. Kukunja si kuvunja. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza adhabu za kikatili, na kwa macho yangu imelikuta barazani jambo ambalo bibi wengi walikuwa wakilifanya tangu zamani.

Jioni ile mama mkwe hakuishia kwenye goti. Aliingia ndani, akatoka na bakuli la pili la jozi ileile, akaniambia, "Mtilie tena, mwanangu. Apeleke mwenyewe." Nikasita. Nikamwomba tutumie la plastiki. Akakataa. "Akilala na hofu leo, kesho hatabeba kitu."

Nikapakua yaliyobaki chunguni. Binti yangu akalishika bakuli kwa mikono miwili, akashuka barazani bila kukimbia. Adhana ya magharibi ilisikika akiwa bado nyumba ya pili. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, na alipotokea tena bakuli lilikuwa limejaa kaimati za moto. Tulikuwa tumeshashika tende, lakini sote tulimtazama yeye. Alipoufikia mzizi wa mwembe alisimama, akautazama, akauvuka, akaja.