Anapotokwa na damu njiani: tuitunze saa ya ajali

Njia ya Lubumbashi kwenda Kasumbalesa, karibu kilomita 90, hujaa malori ya shaba, na pikipiki hupita katikati yao. Wengi wetu tumezika mtu aliyegongwa akafa kabla ya kuonwa na daktari. Mara nyingi anayeua ni damu inayotoka bila kusimama, nje au ndani ya mwili.

Mtu akiumia, mwili huigandisha damu ili kuziba jeraha. Lakini mwili huohuo una nguvu ya kuyeyusha damu iliyoganda, na baada ya pigo kubwa nguvu hiyo huweza kuzidi. Ni kama kuziba tundu la mtungi kwa udongo, kisha maji yakaulainisha. Dawa iitwayo asidi traneksamiki huzuia kuyeyuka huko. Iligunduliwa Japani na daktari Utako Okamoto pamoja na mumewe Shosuke, wakaitangaza mwaka 1962.

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uitwao CRASH-2, uliohusu majeruhi zaidi ya 20,000 katika hospitali 274 za nchi 40. Waliopewa dawa hiyo walikufa wachache zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa 1 tangu ajali, vifo vya kutokwa na damu hupungua kwa karibu theluthi moja. Ikitolewa baada ya saa 3, vifo hivyo huongezeka. Ndiyo sababu nchi kadhaa huitoa ndani ya ambulansi, kabla ya hospitali.

Si dawa ya muujiza. Utafiti wa mwaka 2023 wa Australia, New Zealand na Ujerumani, ambako ilitolewa kabla ya hospitali, ulikuta vifo vichache zaidi katika mwezi wa kwanza, lakini baada ya miezi 6 idadi ya waliopona vizuri haikuongezeka. Majeruhi bado anahitaji damu na upasuaji.

Kwetu, majeruhi wengi hubebwa na gari la mpita njia, toka kituo kimoja hadi kingine. Anayempokea mwishoni hajui ajali ilitokea saa ngapi, na bila kujua hilo hawezi kuamua kama dawa itasaidia au itadhuru. Hapo sisi tusio waganga tuna kazi:

Bonyeza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, wala usiachie kila mara kuangalia.

Tazama saa ya ajali, iandike hata mkononi mwa majeruhi, na uitaje kila mnapofika.

Mpeleke mara moja. Maombi na yaendelee ndani ya gari.

Dawa yenyewe hutolewa na muuguzi au daktari: gramu 1 mshipani kwa dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa 8. Tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Kamati za vituo vya afya vya makanisa yetu ziulize: je, tunayo? Nani amefundishwa kuitoa usiku?

Msamaria wa Luka 10 alifunga majeraha palepale njiani, ndipo akampeleka mtu yule mahali pa kutunzwa. Hakuahirisha. Nasi tusiahirishe.