Kwa Nini Lori Lenye Mzigo Halisimami Upesi

Mkulima apelekaye magunia yake sokoni huona jambo moja bila kuambiwa na mtu. Lori tupu huondoka kwa wepesi, bali lililojaa huondoka kwa kujivuta, ijapokuwa injini ni ileile na dereva ni yuleyule. Wengi huishia hapo, wala hawafikiri kwamba lori lililo zito kuondoka ni zito vilevile kusimama. Katika jambo hilo la pili ndimo mna hatari.

Mtaalamu wa Kiingereza, Isaac Newton, alieleza kanuni ya mambo haya katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1687. Kwa hesabu za shule kanuni hiyo husema hivi: nguvu inayosukuma au kuzuia kitu ni sawa na kilo za kitu hicho, zikizidishwa kwa kadiri mwendo wake unavyoongezeka au kupungua kila sekunde. Basi nguvu ikiwa ni ileile, mzigo ukizidi, mwendo hubadilika polepole zaidi.

Mfano utaonyesha wazi. Lori tupu la kilo 3,000 linakwenda meta 20 kila sekunde, yaani kilometa 72 kwa saa. Dereva anakanyaga breki, nazo zinatoa nguvu ya nyutoni 15,000. Nyutoni ni kipimo cha nguvu kilichopewa jina la mtaalamu huyo. Gawanya 15,000 kwa 3,000, utapata 5: mwendo unapungua meta 5 kwa sekunde katika kila sekunde ipitayo. Lori litasimama baada ya sekunde 4, likiisha kwenda meta 40.

Sasa lori hilohilo lipakiwe hata lifike kilo 7,500. Kama breki haziwezi kutoa nguvu zaidi ya ile, jibu ni 2 tu. Zitapita sekunde 10 na meta 100 kabla halijasimama. Mtoto avukaye barabara meta 60 mbele ya lori tupu atasalimika; mbele ya lori lililojaa hatasalimika.

Mteremkoni hatari huzidi. Penye mteremko wa meta 1 kwa kila meta 10, uzito wa lori hilo hulivuta chini kwa nyutoni zipatazo 7,350, karibu nusu ya nguvu ya breki, na zile meta 100 huwa karibu 200. Tena breki zikikanyagwa kwa muda mrefu hupata moto na kupoteza nguvu. Ndiyo sababu dereva mwenye busara ashukaye Bonde la Ufa kwa barabara ya Mai Mahiu hutia gia ya chini kabla ya kuanza kuteremka, ili injini isaidie kulizuia gari.

Dawa ipo mikononi mwa watu. Dereva akipunguza mwendo kwa nusu, lori lile lenye mzigo litasimama kwa meta 25 mahali palipo tambarare. Naye mwenye lori asemaye, "Ongeza magunia mengine," asihesabu nauli peke yake. Ahesabu na meta.