Mfuko mmoja wa mbolea, mavuno mawili

Katika kaunti za Vihiga, Kakamega na Siaya, magharibi mwa Kenya, familia nyingi hulima chini ya hekta moja. Hata hivyo, mahindi ya shamba moja hayafanani. Yaliyo nyuma ya nyumba hukoza kijani. Ya mwisho wa shamba hudumaa, majani yakaingia rangi ya zambarau kwenye kingo, dalili ya kukosa fosforasi. Mbegu ni ile ile, mvua ni ile ile.

Tofauti hiyo ni kazi ya mikono ya watu kwa miaka mingi. Jivu, maganda na samadi humwagwa karibu na nyumba, kwa kuwa kubeba samadi hadi mbali kunachosha. Mabua nayo hukatwa huko mbali, yakaliwa na ng'ombe zizini, na samadi ikaishia migombani karibu na nyumba. Kila msimu shamba la mbali hutoa, lisirudishiwe.

Ndiyo maana mbolea ya dukani haileti faida sawa kila mahali. Udongo uliopungukiwa na mboji haushiki vizuri maji wala virutubisho. Ukiwa na tindikali nyingi, chuma na alumini huing'ang'ania fosforasi isifikie mmea; pH, kipimo cha tindikali, ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi. Kwenye udongo dhaifu ndiko pia kinakoshamiri kiduha, gugu ambalo Waluo huliita kayongo. Hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi na kuyanyonya hata kabla ya kuchomoza, na mche mmoja humwaga maelfu ya mbegu zinazoweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10.

Kisha kuna suala la nguvukazi. Mkulima asiye na akiba huanza na kibarua kwa jirani apate unga, huku mvua za kwanza zikimpita. Shamba lake hupandwa na kupaliliwa kwa kuchelewa, mavuno yakapungua hata mbegu ikiwa bora, na msimu unaofuata hana pesa ya mbolea.

Kwa hiyo, pima udongo kabla ya kwenda dukani. Penye tindikali, anza na chokaa. Palipochoka, tanguliza samadi na mikunde. Mbolea kidogo uliyonayo itie pale mahindi yanapoiitikia. Penye kiduha, panda desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde, kati ya mistari, mbinu iliyofanyiwa utafiti na kituo cha ICIPE huko Mbita: mizizi yake hulizuia gugu na kuongeza naitrojeni, majani hulisha ng'ombe. Samadi ya ng'ombe huyo ndiyo ya kupeleka shamba la mbali.