Asparagasi, Mboga Inayoishi kwa Akiba ya Mizizi

Asparagasi, ambayo kwa jina la kitaalamu huitwa Asparagus officinalis, ni mboga ya kudumu, yaani haipandwi upya kila msimu, bali ikitunzwa vyema huendelea kuzaa katika tuta lile lile kwa miaka 15 au zaidi. Kinacholiwa ni chipukizi changa litokalo kwenye shina lililolala chini ya ardhi, na kwa kuwa chipukizi hilo halijapata matawi ya kujitengenezea chakula, hukua kwa sukari ambayo mizizi minene iliiweka akiba msimu uliopita.

Kwa sababu hiyo, mkulima hapaswi kuvuna mwaka wa kwanza, na ni busara kusubiri hadi wa tatu. Miche hupandwa kwenye mifereji yenye kina cha sentimita 15 hadi 20, katika udongo usiotuamisha maji, kwani mizizi inayolowa kwa muda mrefu hushambuliwa na kuvu wa fusari, na tuta lililokwisha kuoza ni vigumu kuliponya. Machipukizi yasiyokatwa hurefuka yakawa vichaka vyenye nyuzi laini za kijani, ambazo mtazamaji hudhani ni majani, kumbe ni vijitawi vilivyotwaa kazi ya majani; majani halisi ni yale magamba madogo ya pembetatu yaliyobana ubavuni mwa chipukizi. Vichaka hivyo ndivyo vinavyorudisha sukari mizizini, na anayevifyeka vikiwa bado kijani anajipunguzia mavuno yajayo.

Wajerumani, wanaoipenda zaidi asparagasi nyeupe, ambayo ni mmea ule ule uliofukiwa udongo ili usipate mwanga, kwa desturi huacha kuvuna tarehe 24 Juni ili mmea upate majira ya joto ya kujijenga upya. Katika nchi za tropiki, ambako hakuna baridi ya kuulaza mmea, wakulima wa Thailand huacha mashina machache yasimame yakiilisha mizizi, huku machipukizi mengine yakivunwa. Njia hii ndiyo inayoelekea kuifaa zaidi bustani ya Afrika Mashariki.

Kukatwa hakulifishi chipukizi. Huendelea kupumua kwa kasi kuliko mboga nyingi, likila utamu wake lenyewe, na likilazwa ubavu ncha yake hujipinda kuelekea juu, wakati sehemu ya chini inazidi kukomaa na kuwa na nyuzi ngumu. Baridi ya nyuzi 0 hadi 2 za Selsiasi pamoja na unyevu mwingi ndiyo hupunguza kasi hiyo. Nyumbani, yatosha kukata vipande vikavu vya chini, kuyasimamisha machipukizi katika maji ya kina cha sentimita mbili au tatu, kuyafunika kwa mfuko uliolegea na kuyaweka ndani ya jokofu, mbali na matunda yanayoiva, kwa maana gesi ya ethilini inayotolewa na matunda hayo huharakisha ugumu. Mnunuzi na achague machipukizi ambayo ncha zake zimefumba na vikonyo vyake havijakauka, kisha ayapike siku hiyo hiyo ikiwezekana.